Vibarua wa Kilindini na Mwanzo wa Mapatano

Wanaoisimulia tarehe ya Mombasa aghalabu huanzia ngomeni, wakapita kwa Wareno, kwa Mazrui na kwa Mabusaidi, wakafika kwa Waingereza na reli yao, wakakoma hapo. Na bandari ya Kilindini, ambayo kwa takriban miaka mia ndiyo iliyoulisha mji huu, hutajwa kwa urefu wa gati zake na wingi wa merikebu zake, ilhali mikono iliyozipakua merikebu hizo huachwa nje ya masimulizi. Ni upungufu mkubwa, kwa kuwa desturi ya mwajiri na mwajiriwa kuketi meza moja, kuteta, kuafikiana na kutia saini, kwa upande wa Kenya ilifunzwa kwa sehemu kubwa na watu hao, tena watu wasiokuwa na chama wala karani wala muhuri, na ambao kwa hesabu za makampuni hawakuwa hata waajiriwa, maana kila jioni walikuwa wamekwisha kuachishwa kazi.

Merikebu haziji kwa idadi ile ile kila siku. Leo zimo nyingi zinazongojea nafasi gatini, kesho bandari ni tupu na maji yamelala. Na makampuni ya kupakia na kupakua, ambayo faida yao ilitegemea kutolipa mtu wa kukaa bure, yaliona nafuu kuajiri kwa kutwa kuliko kuajiri kwa mwezi. Gati mbili za kwanza za maji marefu zilipofunguliwa mwaka 1926, na meli ambazo zamani zilitia nanga mbali na kushusha shehena kwa matishali zikaanza kufunga ukutani, kazi ilizidi kuwa nyingi bila ya kuwa ya kudumu: pamba ya Uganda, kahawa ya bara na magadi ya Magadi vilishuka kwa reli kwa misimu yake, na vyuma, saruji na nguo vikapanda kwa misimu mingine, na kibarua akapanda na kushuka pamoja navyo.

Siku yake ilianza alfajiri langoni. Hapo alisimama katika kundi, serahangi, msimamizi wa kundi la kazi, akipita mbele yao na kuwachagua kwa macho na kwa majina, huyu kwa nguvu za mabega, huyu kwa kuwa ni jamaa, huyu kwa sababu ambazo hazikusemwa kwa sauti; waliochaguliwa wakaingia, waliosalia wakarudi mjini au wakangojea zamu ya usiku. Aliyepelekwa melini alishuka ngazi ya chuma hadi ndani ya ngama, ambamo joto la mchana halina pa kutokea, akaunganishwa na wenzake kuyapanga magunia katika wavu wa kamba, na mtu wa juu akampungia mkono mwenye winchi, na mzigo ukaondoka ukipita juu ya vichwa vyao. Robota la pamba huvutwa kwa kulabu, na kulabu ikiteleza humpata aliye karibu. Vumbi la magadi huchoma macho na koo. Mshahara wa kazi hiyo ulilipwa kwa siku, na kwa siku ulikuwa mwema kuliko wa wafanya kazi wengi wa mjini, jambo ambalo waajiri hawakuchoka kulitaja kila walipoulizwa habari za ujira. Bali hawakuzitaja siku ambazo lango lilifungwa na kibarua akarudi mtaani kwake Majengo mikono mitupu.

Vibarua hao hawakuwa jamii moja. Walikuwamo Wagiriama, Waduruma na Wadigo, ambao walivuka kuingia kisiwani baada ya mavuno, wakafanya kazi kadiri ya kodi na nguo walizohitaji, wakarudi mashambani mwao mvua ilipokaribia. Walikuwamo Waswahili wa mjini na Washihiri kutoka Hadhramaut, ambao kazi ya uhamali waliirithi tangu zama za majahazi. Na kadiri miaka ilivyopita wakazidi Wajaluo, Wakamba, Waluhya na Wakikuyu waliokuja kwa reli na ambao hawakuwa na shamba la karibu la kukimbilia. Mabwana wa makampuni walimwita kibarua mvivu na asiyeaminika, kwa kuwa alikuja alipotaka. Kumbe ndani ya shutuma hiyo ilikuwamo nguvu ambayo wafanya kazi wengine wa koloni hawakuwa nayo. Mtu aliyeandikwa kwa mkataba na kutoroka kazini alikabiliwa na jinai chini ya sheria ya mabwana na watumishi, naye tangu baada ya Vita Kuu ya kwanza alining'iniza shingoni kipande, cheti chake cha kazi, kilichomfichua popote aendapo. Lakini kibarua wa kutwa, ambaye mkataba wake ulikufa kila magharibi, akikataa kwenda langoni asubuhi alikuwa hakuvunja sheria yoyote. Elfu wakikataa siku moja, ni nani wa kushitakiwa?

Jawabu la suala hilo lilitafutwa kwa mara ya kwanza kwa wasiwasi mwaka 1939. Mwezi wa Julai wafanya kazi wa idara ya serikali ya kazi za umma waligoma wakidai posho ya nyumba, na kabla ya wiki chache kupita mgomo ulikuwa umeenea kutoka idara hadi idara na kampuni hadi kampuni, hatimaye ukaingia bandarini mwezi wa Agosti. Tume ya uchunguzi iliyoundwa chini ya uenyekiti wa Willan ilizunguka Majengo, ikaona nyumba za udongo na makuti ambamo chumba kimoja kililaza watu wengi, na wa zamu ya usiku alilalia mkeka alioamkia wa zamu ya mchana, ikaandika kwamba malalamiko yalikuwa na msingi. London nayo ilikuwa macho wakati huo, kwa sababu katika visiwa vya Karibi, hususan Trinidad na Jamaica, migomo ya miaka michache nyuma ilikuwa imegeuka ghasia na vifo, na wizara ya makoloni ikaamini kwamba chama cha wafanya kazi kilichosajiliwa, chenye daftari na katibu, ni salama kuliko umati usio na mwenyewe. Sheria ya vyama ilikwisha kuwapo Kenya tangu 1937. Vilivyopungua ni vyama vyenyewe: tukikitoa chama alichokiongoza Makhan Singh Nairobi tangu 1935, ambacho kilianza kwa Wahindi kikawafungulia mlango wafanya kazi wa kila taifa, hapakuwa na mtu ambaye serikali ingeweza kumwita na kumwuliza, Je, wenzako wataka nini?

Vita vya pili vya dunia vilipopiga hodi, chakula kilipanda bei, nguo zikawa adimu, na bandari ikafanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya majeshi. Mwaka 1944 serikali ikaamuru vibarua wa bandari waandikwe, ili ajulikane nani ni mtu wa gatini na nani ni mpita njia. Ilikuwa hatua ya kwanza ya kumtia kibarua katika daftari, na tutaiona tena.

Nakuja sasa katika tukio ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa haki yake katika vitabu vya shule. Jumatatu ya tarehe 13 Januari 1947 Mombasa iliamka bila ya kazi. Makuli hawakwenda langoni, wafanya kazi wa reli hawakwenda kwenye karakana, wafagiaji wa baraza la mji hawakuonekana, na katika hoteli na nyumba za Wazungu wapishi hawakutokea jikoni, hata mabibi waliokuwa hawajui pa kuwekwa chumvi katika majiko yao wenyewe wakalazimika kupata elimu hiyo upesi. Watu wapatao 15,000 waligoma, na mgomo ukadumu kadiri ya siku 12. Kila siku watu walikusanyika kwa maelfu katika uwanja walioujua kwa jina la Kiwanja cha Maskini, wakasikiliza hotuba, wakapashana habari, wakaulizana ya kufanya. Na ni hapo katika uwanja, siku zile zile za mgomo, ndipo chama kilipoundwa, kikaja kuitwa Shirikisho la Wafanya Kazi wa Kiafrika. Mgomo ulikizaa chama, kinyume cha mpango uliotarajiwa na wataalamu wa London.

Madai yao yalistahili kusikilizwa na mtu yeyote mwenye insafu. Walisema gharama za maisha zimepanda ujira umekaa; walisema mtu mwenye mke na watoto analipwa kana kwamba yu peke yake duniani; walisema Mwafrika hufanya kazi ile ile aifanyayo mtu wa taifa jingine akapewa sehemu ndogo, na fauka ya hayo akavunjiwa heshima. Dai hili la heshima halikuwa la fedha, na kwa hiyo halikuweza kulipwa kwa senti. Nadhani ndilo lililowaunganisha kuli, karani na mpishi, watu ambao siku nyingine hawakuwa na neno la kushirikiana.

Serikali ilijikuta haina wa kusema naye. Ilileta askari, nao wakazagaa njiani. Kisha ikamleta Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria, ambaye alikwenda kwenye Kiwanja cha Maskini akawasihi watu warudi kazini huku akiwaahidi kwamba madai yao yatachunguzwa. Walimwamini, wakarudi. Yafaa kulitafakari hilo kwa utulivu: umati wa maelfu, usiosajiliwa na msajili yeyote, ulipima ahadi, ukaikubali, ukaitimiza sehemu yake bila ya kuvunja duka. Baraza la usuluhishi likaketi chini ya Jaji Ransley Thacker, yule yule ambaye mwaka 1953 kule Kapenguria alimhukumu Jomo Kenyatta kifungo cha miaka saba. Na katika mwaka ule wa 1947 likatoa nyongeza za mishahara.

Shirikisho lilimpata msemaji wake katika Chege Kibachia, kijana msomi aliyekuja Mombasa kutoka bara, ambaye hakuwa mwanzilishi wa mgomo bali aliibuka ndani yake. Alikuwa na yote yaliyotajwa katika miongozo ya wizara kuwa ni sifa za kiongozi wa chama: ajua kuandika barua, ajua kuendesha mkutano, ajua kuyapanga malalamiko kwa nambari. Lakini alipoanza kulipeleka Shirikisho nje ya Mombasa, akalifikisha Nairobi, hofu ikaishinda hekima. Mwezi wa Agosti 1947 akakamatwa, akahamishiwa Kabarnet katika Baringo, mbali na bahari na mbali na wafanya kazi wowote, na Shirikisho likafifia. Miaka minane serikali ilikuwa imelia kwamba haina mtu wa kuzungumza naye, na alipopatikana ilimfunga. Sijaona katika habari zote za kazi za Afrika Mashariki kosa lililokuwa la kujitakia kuliko hilo.

Mfano wa Mombasa ulisafiri pwani yote. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata njia ya reli ya kati ukiingia bara. Mwezi wa Agosti 1948 ikawa zamu ya Unguja. Habari ya Dar es Salaam ina somo lake la pekee. Huko mgomo uliacha chama cha makuli chenye nguvu, na waajiri, wakiungwa mkono na serikali, wakaamua kuwaandika vibarua na kuwapitisha katika malango maalumu ambamo asiyekuwa na kadi haingii. Mwezi wa Februari 1950 makuli walikataa. Walifahamu kwamba kadi ile, hata ikiwa na manufaa yake, ingemwondolea kibarua uhuru wa kuja na kutokuja, na uhuru huo ndio uliokuwa silaha yao. Patashika ikatokea, damu ikamwagika, na baada ya miezi michache mahakama ikakivunja chama. Kenya nako, mwezi wa Mei 1950, Makhan Singh, ambaye mwaka mmoja nyuma pamoja na Fred Kubai alikuwa ameunda kongamano la vyama vya Afrika Mashariki, alikamatwa na kuwekwa kizuizini, asiachiliwe hadi Oktoba 1961.

Ili kuijaza nafasi ya waliohamishwa, serikali ilikuwa imemleta Mskoti mmoja, James Patrick, mtu aliyekulia katika vyama vya kwao, ili awafunze Waafrika uendeshaji wa chama kwa adabu: kukusanya ada, kuandika kumbukumbu, kutunza hesabu, na kutochanganya habari za kazi na siasa. Mafunzo ya hesabu yalikuwa mema. Sharti la mwisho halikuwezekana, maana katika nchi ambayo ujira wa mtu ulipimwa kwa rangi yake, hakuna aliyeweza kudai shilingi bila ya kuigusa siasa.

Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952 na vyama vya siasa vya Waafrika vikapigwa marufuku, vyama vya wafanya kazi vilibaki kuwa karibu mlango pekee uliokuwa wazi, na katika mlango huo akaingia Tom Mboya, aliyekuwa mkaguzi wa afya katika baraza la mji wa Nairobi, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vilivyosajiliwa. Makuli wa Mombasa walipogoma tena mwezi wa Machi 1955, alikuwa na miaka 24. Alishuka Mombasa akakuta mambo mawili yanayokinzana: makuli waliokataa kurudi mpaka waone nyongeza, na makampuni yaliyokataa kusema lolote mpaka makuli warudi. Kila upande ulichelea kuonekana umeshindwa. Aliwashauri wafanya kazi warudi kwa sharti kwamba mazungumzo yaanze mara moja, na mazungumzo yakishindikana shauri lipelekwe mbele ya baraza la usuluhishi; akasimama mbele ya mkutano wao, akaieleza njia hiyo, na wao wakaikubali. Baraza liliposema, nyongeza ilifikia kama thuluthi moja ya ujira, kiasi ambacho hakuna aliyekitarajia, wala waajiri waliokuwa wakilalamika wala pengine Mboya mwenyewe.

Tofauti baina ya 1947 na 1955 haikuwa katika ushujaa wa makuli, kwa kuwa walikuwa wale wale au watoto wao. Ilikuwa katika upande wa pili wa meza. Waajiri walikuwa wamekwisha kujua, baada ya hasara nyingi, kwamba kiongozi mwenye kuweza kuanzisha mgomo ndiye peke yake awezaye kuumaliza, na kwamba ukimnyima ushindi wa kuwapelekea wenzake umejinyima mwenyewe amani. Katika miaka iliyofuata chama cha makuli kilikuwa na wawakilishi wake katika kila kundi la kazi na kila zamu. Palikuwa na baraza la pamoja la waajiri na wafanya kazi bandarini. Na chini ya Denis Akumu, aliyekuja kuwa katibu wake, chama kiliheshimiwa na kuogopwa.

Lakini mapatano yale yalikuwa na gharama yake, na ililipwa. Makampuni yalikubali kulipa vizuri kwa sharti la kupata watu wachache wa kudumu mahali pa wengi wa kupita, na chama kilikubali kwa kuwa mwanachama wa kudumu hulipa ada ya kudumu. Mwaka baada ya mwaka siku ambazo kibarua alilazimika kufika langoni zikaongezwa, na asiyezitimiza akafutwa katika daftari, hata kufikia mwisho wa miaka ya hamsini kazi ya kutwa ilikuwa imekaribia kwisha bandarini. Aliyesalia ndani alikuwa miongoni mwa wafanya kazi wa mikono waliolipwa vizuri kuliko wote nchini. Aliyetoka ni nani? Aghalabu alikuwa yule Mgiriama au Mdigo mwenye shamba lake ng'ambo, ambaye mpango wa kale ulimfaa na mpango mpya ulimtaka achague moja. Na wengi walipochagua shamba, nafasi zao zikashikwa na watu wa bara ambao hawakuwa na la kuchagua. Manung'uniko ya watu wa pwani kwamba bandari yao imekuwa ya wageni, yaliyosikika kwa nguvu katika siasa za Mwambao, zilizodai pwani ijitawale, na za majimbo kabla ya uhuru, yalikuwa na mizizi mingi, na mmoja wapo ulikuwa katika daftari hilo la vibarua, ambalo hakuna aliyeliandika kwa nia ya kumdhulumu mtu.

Mboya alipokuwa waziri wa kazi aliitwaa desturi iliyokomaa katika migogoro kama ya Kilindini akaifanya ya nchi nzima. Tarehe 15 Oktoba 1962 serikali, waajiri na vyama walitia saini mkataba wa uhusiano wa kazi, ambao uliwalazimu waajiri kuvitambua vyama na kuwalazimu wafanya kazi kuzimaliza njia za suluhu kabla ya kugoma. Mwaka 1964 ikaanzishwa mahakama ya kazi, na mwaka 1965 vyama vikawekwa chini ya shirika moja, COTU, lililo karibu na serikali kuliko ilivyopendeza. Wenye kuukosoa mpango huo husema kwamba uliufunga mgomo kamba, nao wana hoja. Wenye kuusifu husema kwamba uliokoa ajira na maisha, nao hawakusema uongo.

Mimi shutuma yangu ni nyingine. Meza ile ina viti vya wenye chama tu. Apitaye alfajiri penye malango ya maghala na viwanda vya Shimanzi na Changamwe huwakuta vijana wamesimama wakingojea kuchaguliwa kwa kutwa, kama walivyosimama babu zao. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 37, imesema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa kadiri ya mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki za mwajiriwa. Na kwa sababu hiyo wengi wao, mwezi unapokaribia kutimia, huambiwa wakapumzike siku chache kisha waje waandikwe upya. Hao ndio warithi wa Kiwanja cha Maskini, na vyama ambavyo ofisi zao zilijengwa kwa jasho la vibarua vina wajibu wa kwenda kwenye malango hayo kuwaandikisha.